Muulize mgeni ataondoka vipi: niliyoyaona kwenye kamati ya mradi wa maji

Shirika lisilo la kiserikali likifika mahali, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaoona neema imeshuka, na wapo wanaosema hao wamekuja kula hela za wafadhili. Mimi nilikaa ndani ya mradi mmoja kuanzia mkutano wa kwanza mpaka muda mrefu baada ya gari la mwisho kuondoka, nikiwa katibu wa kamati ya watumiaji maji, na siwezi kusimama upande wowote kati ya hizo mbili. Shirika lile lilitusaidia kwelikweli. Pia lilituachia matatizo ambayo hatukuwa nayo kabla halijaja. Sehemu kubwa ya matatizo hayo ingeweza kuulizwa, kubishaniwa na kuandikwa kabla mtambo wa kuchimba kisima haujafika. Ndiyo maana naandika, nikimfikiria mtu aliyechaguliwa juzi kwenye kamati kama ile na ambaye bado hajui aanzie wapi.

Walianza na dodoso. Vijana wenye fulana za shirika walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi. Mmoja alimkuta mama mdogo, nami nilikuwa nimeketi pembeni. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, kisha akasoma swali: kwa siku unatumia muda gani kuchota maji? Mama mdogo akajibu, "Mimi? Hata dakika moja situmii." Kijana akabonyeza sifuri, akasonga kwenye swali linalofuata.

Mama mdogo alisema kweli tupu. Yeye maji hachoti. Wanaochota ni binti zake, alfajiri, kabla ya shule, na siku foleni ikiwa ndefu shule hawaendi. Ila dodoso halikuuliza nani anachota. Nilipomweleza kijana yule alinisikiliza kwa adabu, akasema swali limeshapitishwa makao makuu na yeye hana uwezo wa kulibadilisha. Basi kwenye takwimu za mwanzo, nyumba ile ikaingia kama nyumba isiyo na shida ya maji.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka ujue tathmini ya awali inafanya kazi gani. Idadi ya visima, mahali pa kuvichimba, nani anaitwa mnufaika, na baadaye kama mradi umefaulu au la, vyote vinapimwa kutoka kwenye majibu yale. Ukichaguliwa kwenye kamati, omba kuliona dodoso kabla halijaanza kuzungushwa. Tafuta maswali yanayomuuliza mkuu wa kaya mambo anayoyafanya mtu mwingine. Halafu dai majibu yarudishwe na kusomwa kwenye mkutano wa hadhara kabla mradi haujachorwa, maana watu wakisikia takwimu zao wenyewe zimekosewa husimama na kusahihisha papo hapo. Sisi takwimu zetu tulikuja kuziona kwenye kijitabu chenye picha, mradi ukiwa katikati.

Upimaji wa haki unawezekana, na umeshafanyika kwa ukubwa. BRAC, shirika lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba miaka ya 1980 kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Walifikia mamilioni ya kaya. Mwalimu hakulipwa kwa kuhesabu nyumba alizopita. Mtu mwingine alirudi baadaye kwa baadhi ya akina mama, akawauliza wanakumbuka nini na wanatengenezaje, na malipo ya mwalimu yakafuata majibu yao. Mwenye neno la mwisho juu ya ubora wa kazi alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Kwetu mwenye neno la mwisho alikuwa afisa wa ufuatiliaji na fomu yake.

Kamati iliundwa mkutanoni, nusu wanawake, na hilo nawashukuru hadi leo. Sidhani tungelifanya wenyewe. Mama aliyechaguliwa kuwa mwangalizi wa pampu hakuwahi kusimama kwenye mkutano wowote kabla ya hapo. Baada ya mafunzo aliweza kukifungua kichwa cha pampu, kupaka grisi kwenye mnyororo na kueleza mbele ya wanaume kwa nini bolti zikazwe kila wiki. Baadaye aligombea nafasi kwenye serikali ya kijiji, akapata. Hakuna kiashiria cha mradi kilichohesabu jambo lile, ila mimi nikiulizwa shirika lilibadilisha nini, naanza nalo.

Lakini pamoja na mafunzo ilikuja posho. Kila aliyehudhuria semina alisaini karatasi akapewa bahasha. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa mtu anayeacha shamba au kibarua siku nzima anapoteza kipato. Tatizo lilijitokeza taratibu. Kabla ya mradi tulikuwa na mikutano yetu ya barabara, ya shule na ya misiba, na watu walikuja bila kuuliza. Mwaka wa pili wa mradi, mwenyekiti aliitisha kikao cha kusafisha mfereji, na swali la kwanza kutoka nyuma likawa, "Kuna kusaini?" Waliobaki hawakutosha kushika majembe. Niliumia siku ile kuliko siku pampu ilipokufa, kwa sababu pampu hununuliwa, na ile hali ya watu kuitikia wito bila bahasha hakuna duka linaloiuza.

Nikipata nafasi ya kushauri, nasema hivi: nauli na hasara ya kipato zirudishwe kwa anayetoka mbali au anayeacha kibarua, jambo hilo liandikwe wazi, na kikao cha kawaida cha wenyeji kwa shughuli yao wenyewe kisilipiwe na mtu wa nje hata siku moja. Na mashirika yakiwa mawili eneo moja, yakubaliane. Kwetu lilipopita shirika jingine kwa muda mfupi na posho kubwa zaidi, semina za la kwanza zilikosa watu.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Mhudumu wa afya tuliyemtegemea, kijana hodari, aliajiriwa na mradi kuwa afisa uhamasishaji. Mshahara ulikuwa bora mara nyingi, na hakuna wa kumlaumu, ana watoto. Zahanati ikabaki na pengo kwa muda mrefu. Shirika lilikuwa limekuja kupunguza magonjwa ya kuhara, na katika kufanya hivyo likamwondoa mtu aliyekuwa akiyatibu. Kamati inaweza kuuliza mapema: wafanyakazi mtawatoa wapi, na mkimchukua mtu wa huduma ya umma, pengo lake litazibwaje? Hawatakuwa na jibu zuri kila mara, lakini swali likiulizwa mbele ya watu huwa linawafanya wafikiri.

Maji yalipotoka, furaha ilikuwa ya kweli na haikuwa ya kupigia picha tu. Binti za mama mdogo walianza kufika shule mapema. Zahanati iliona watoto wachache zaidi wa kuhara msimu wa mvua. Ugomvi wa foleni ulipungua, na wazee wanaoishi peke yao walipata mtu wa kuwabebea ndoo kwa kuwa safari ilikuwa fupi. Nayaeleza haya kwa sababu watu waliochoshwa na miradi huyasahau, na si haki kuyasahau.

Kisha maji yakaanza kubadilika rangi. Asubuhi, baada ya pampu kupumzika usiku, ndoo za kwanza zilitoka nyekundu kama kutu, na ladha ya chuma ilikaa mdomoni. Nguo nyeupe zikaota madoa. Bila kikao wala tangazo, wanawake wakarudi kwenye chemchemi ya zamani kufulia, kisha wengine wakaanza kuchota huko ya kunywa pia. Afisa wa ufuatiliaji alipokuja alishika mpini, akapampu, maji yakatoka, akaandika: inafanya kazi. Fomu ilikuwa na sehemu mbili tu, inafanya kazi au haifanyi. Sehemu ya kuandika kwamba inafanya kazi na watu wanaikimbia haikuwepo.

Baadaye fundi mmoja alitufafanulia. Pampu yetu ilikuwa aina ya India Mark II, pampu imara ya mkono iliyobuniwa India miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, kisha ikasambazwa nchi nyingi. Mara nyingi hufungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Maji ya ardhini yakiwa na asidi, hasa pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6.5, zinki huliwa kwanza, kisha chuma chenyewe. Kipimo cha pH ni rahisi na huchukua dakika chache. Kwetu hakuna aliyekuwa amekichukua kabla ya kuchagua mabomba, na kama kilichukuliwa, hakuna aliyetuonyesha karatasi yake.

Bangladesh walilipa gharama kubwa zaidi kwa swali ambalo halikuulizwa. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi, UNICEF ikisaidia, ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Wakati ule maji ya visima hayakuwa yakipimwa aseniki, aina ya sumu. Ilikuja kugunduliwa mwaka 1993, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala iliyoliita tukio hilo sumu iliyowafikia watu wengi zaidi katika historia. Waliochimba walikuwa na nia safi kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia usiwe msumbufu, hawa wamekuja kwa wema, mjibu kwamba wema wao hauna ubishi, unachoomba ni matokeo ya maabara.

Tuliogopa kulalamika. Nataka nilieleze hili vizuri, maana kwenye ripoti huitwa "uelewa mdogo wa wanajamii" na si kweli. Tulielewa fika. Kwenye kikao cha ndani mzee mmoja alisema, "Wanangu, mgeni akikusaidia humwambii chakula hakina chumvi. Watahamia kwingine." Wengi waliitikia kwa vichwa. Kulikuwa na awamu ya pili iliyoahidiwa, na kila mtu aliogopa kuwa sababu ya kuikosa. Sanduku la maoni lilining'inia ofisini kwao mjini, mbali, na anayelifungua ni yule yule msimamizi wa mradi.

Kilichotuvusha ni waraka. Mashirika mengi ya misaada yamekubali Viwango vya Msingi vya Kibinadamu, vilivyozinduliwa mwaka 2014, vyenye ahadi tisa, na mojawapo ni kwamba malalamiko yanakaribishwa na kushughulikiwa. Mwalimu mmoja alivipata mtandaoni, tukavichapisha. Tulipokutana na afisa wa mradi hatukusema mmetukosea. Tulisema shirika lenu limeahidi hivi, nasi tunaleta taarifa kwa mujibu wa ahadi hiyo. Uso wake ulibadilika, na nadhani alifarijika, kwa sababu naye sasa alikuwa na kitu cha kupeleka juu. pH ilipimwa. Maji yalikuwa na asidi. Mabomba mapya yakaingizwa kwenye mpango wa awamu ya pili.

Awamu ya pili haikuja. Mfadhili alibadili vipaumbele, na tulijulishwa kwa barua fupi wiki chache kabla ya ofisi kufungwa. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wanalia. Baadhi walikuwa wametumika nasi kwa moyo wote. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, niliona watu wa nchi nyingi wakieleza hali ile ile: leo kuna huduma, kesho mlango umefungwa, na hakuna aliyeandaliwa. Kwetu sababu ilikuwa tofauti na muda ulikuwa tofauti, ila ule mshtuko naufahamu.

Kulikuwa na sherehe ya makabidhiano, na cheti. Tulikabidhiwa "umiliki". Hakuna aliyekabidhi namba ya muuza vipuri, mchoro wa kisima, kina chake wala rekodi ya kupima maji. Navitaja kimoja kimoja kwa sababu fundi yeyote anayekuja kutengeneza ataviulizia kabla hajafungua boksi la zana, na kisima kisicho na rekodi kinamlazimu aanze kubahatisha.

Haikupita muda mrefu pampu ikafa. Mpini ulishuka bila uzito, ishara kwamba chini kuna kitu kimekatika. Kuitoa India Mark II kunataka kuvuta bomba zote juu, kipande kwa kipande cha mita tatu, kwa vibano na stendi ya miguu mitatu. Zana hizo ziliondoka na gari la mradi. Tulikodi, tukavuta kutwa nzima. Bomba la tatu lilikuja na tundu lililopenya kidole changu. La tano lilikatika kwenye nyuzi za kuungia, na yaliyobaki yakatumbukia kisimani. Yule mama mwangalizi wa pampu aliketi chini akanyamaza. Gharama ya mabomba mapya ilizidi michango yote ya kaya kwa mwaka, na michango yenyewe watu walikuwa wameacha kutoa tangu zamani, wakisema pampu ni nzima, tunachangia nini.

Hatukuwa peke yetu. Makadirio ya mwaka 2009 ya RWSN, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, kutoka nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, yalionyesha takriban 36% ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Hiyo ni zaidi ya moja kati ya tatu, na nyuma ya kila moja kuna sherehe, cheti na kamati kama yetu.

Tulijiinua kwa kurudi kwenye mambo yetu wenyewe. Katiba ya kamati tuliyoachiwa ilikuwa imenakiliwa mahali pengine, na adhabu ya asiyechangia ilikuwa kunyimwa maji kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kuitekeleza. Nani atamnyima jirani maji? Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaotunza misitu, mifereji na malisho ya pamoja kwa vizazi, akaona wanaofaulu ni wale wanaojitungia kanuni, wanaangaliana wao kwa wao, na adhabu zao zinaanza ndogo kisha zinapanda. Tuliandika upya. Asiyechangia hutembelewa kwanza. Akikaidi jina lake husomwa. Asiye na uwezo kabisa husamehewa kwa kutajwa mkutanoni na watu kukubali. Mchango ukawa mdogo na wa kila mwezi, pampu nzima au mbovu, na daftari likakaa shuleni ambapo yeyote anaweza kulifungua. Mhandisi wa maji wa serikali, ambaye mradi ulikuwa umempita pembeni kwa sababu ofisi yake ilionekana nzito, ndiye aliyetusaidia kuopoa bomba zilizodumbukia na kutushauri kuweka za plastiki na nondo za chuma kisichoshika kutu. Ilichukua muda. Kwa miezi ile watoto walirudi kwenye foleni ya chemchemi.

Lipo pia la kikundi cha akina mama wa kwetu, ambacho kilifanya uhamasishaji wote wa mradi. Kililipwa kwa shughuli tu, bila senti ya pango, ya mhasibu wala ya kompyuta, huku ripoti zikisema shirika ndilo lililotekeleza. Mradi ulipofungwa kikundi kilibaki na uzoefu mwingi na akaunti tupu. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi 25% ya fedha za misaada ya kibinadamu ifike kwa asasi za wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo ifikapo 2020. Lengo halikufikiwa. Kikundi chenu kikialikwa kuwa mshirika, ombeni gharama za uendeshaji ziandikwe kwenye mkataba, na jina lenu liandikwe kwenye ripoti. Mkiona aibu kuomba, fikirini nani atabaki hapo wenzenu wakiondoka.

Mwaka uliopita limekuja shirika jingine, la vyoo na usafi. Safari hii tuliwasubiri na ukurasa wa maswali, na mkutano wa kwanza haukuzungumzia vyoo kabisa. Tuliuliza mradi unaisha lini, nani atakuwa na rekodi za kiufundi, vipuri vinapatikana wapi, malalamiko yanakwenda kwa nani asiyekuwa msimamizi wa mradi, na mhandisi wa serikali atashirikishwa kuanzia hatua ipi. Meneja wao, mama wa makamo, aliandika yote kwa mkono. Mengi walikubali. Posho ya kukaa kikaoni imefutwa, nauli ipo. Dodoso tulilisoma kabla, tukaongeza swali la nani anasafisha choo na nani anampeleka mtoto usiku. Bajeti ya sehemu yetu imebandikwa shuleni, ila mishahara yao walikataa kuionyesha, na hatukushindana nao juu ya hilo.

Tulipokwama ni kwenye taarifa ya kufunga. Sisi tulitaka miezi sita. Wao wakasema mfadhili wao hawapi wenyewe uhakika wa muda huo. Tukabishana vikao viwili, tukaandika mitatu, pamoja na kifungu kwamba zana zote za ukarabati zinabaki mikononi mwa kamati hata kama mradi utafungwa kabla ya wakati. Mkataba umesainiwa pande tatu, serikali ikiwemo, na nakala yetu anayo yule mama mwangalizi wa pampu.